Kikundi cha Ngoma Njiani: Gari Lina Nafasi za Nani?

Maneno yaliyosemwa Kalemie, mbele ya familia zilizohama makwao, machefu wa vijiji na wajumbe wa kamati za amani

Waheshimiwa machefu, wazee wetu, mama zetu, vijana, na ninyi nyote mliotuachia viti huku wenyewe mmekaa juu ya vidumu vya maji: jambo kwenu. Tunawasalimu kwa namna ya pekee ndugu waliofika hapa kwa mashua kutoka upande wa Uvira mwaka 2025. Tunawasalimu pia wale waliokimbilia hapa tangu vita vya Wabantu na Watwa, ambao wameshatusikia mara nyingi, na leo wanangoja kuona kama tuna neno jipya.

Machefu wawili na kamati moja ya wakimbizi wa ndani wametuandikia barua wakiomba kikundi chetu cha ngoma kirudi kwao. Barua hizo zilitufurahisha. Lakini kabla ya kujibu tungependa kuwaeleza namna kikundi hicho kinavyoishi njiani, kwa sababu tumeona kwamba wanaokialika wanakijua kwa saa moja tu, ile saa ya kucheza. Ili saa hiyo ipatikane, watu wanane wanaacha nyumba zao kwa majuma matatu. Katika majuma hayo ndipo mambo mengi yaliharibika, na mengine yakapona. Na sisi watumishi wa shirika tuna sehemu yetu katika yale yaliyoharibika. Hatukuja kujitetea.

Kikundi chenyewe ni kidogo. Kilipoanza mwaka 2015 kilikuwa na wapiga ngoma watatu, wapiga likembe wawili, kijana mmoja wa gita na mama wawili waimbaji. Watatu kati yao walikuwa Watwa na watano Wabantu, ingawa mmoja wa hao watano mama yake mzazi ni Mtwa, jambo ambalo siku za kwanza hakupenda litajwe. Hakuna aliyefundishwa muziki shuleni. Gita ilikuwa ya kutengenezwa kwa mkono, na nyuzi zake nyingine zilitoka katika waya wa breki ya kinga. Majina yao hatutayataja, maana bado wanapita katika njia zile zile na kulala katika vijiji vile vile.

Kwetu huku, katika nchi iliyokuwa Katanga kabla Tanganyika haijawa jimbo mwaka 2015, mwanamuziki wa kusafiri si kitu kigeni. Wazee wanamkumbuka Mwenda wa Bayeke, Jean Bosco, yule mtu wa gita kutoka Bunkeya. Hugh Tracey alirekodi muziki wake mwaka 1952 kule Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Gita hiyo ilimfikisha Nairobi, na mwaka 1969 ikamfikisha Marekani, kwenye tamasha la Newport. Alikufa mwaka 1990 kwa ajali ya barabarani. Watu hupenda kusimulia Nairobi na Marekani. Barabara yenyewe haisimuliwi.

Basi tuisimulie yetu. Kutoka Kalemie kwenda upande wa Niemba na Nyunzu unaweza kungoja treni, lakini treni yetu mnaijua, haina siku. Ukipata kamio unakaa juu ya mifuko ya mahindi ya mtu mwingine, na tajiri wa mahindi anahesabu ngoma kama mzigo, si kama chombo cha kazi. Kamio likikwama kwenye matope, unashuka, unasukuma, unakata matawi ya miti, unalala hapo. Safari moja tulilala siku tatu mahali pamoja, na abiria wengine waliigeuza ngoma kubwa kuwa kiti, kisha meza ya karata. Mpiga ngoma alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alimwambia mmoja wao kwa upole, «Baba, na mimi nikija kwako nitakalia chungu cha mke wako.» Wote walicheka, na ngoma ikawa huru.

Katika kikundi, ngoma ndiye msafiri anayetaka kuhudumiwa kuliko wote. Ngozi ikipata mvua inalegea na sauti inakufa. Lazima iote moto kabla ya kupigwa, tena kwa makini, maana ukiikaribisha mno inapasuka. Kwa hiyo katika majira ya mvua neno la kwanza la kikundi kikiingia kijijini halikuwa habari ya amani wala jina la shirika. Lilikuwa, «Mama, tunaomba moto.» Tulipoanza kazi tulidhani huko ni kupoteza wakati. Tulikuwa vijana tuliotoka chuo kikuu, na katika programu yetu iliandikwa kwamba saa nane uhamasishaji uanze. Baadaye tulielewa kwamba kuanzia hapo kazi ilikuwa imeshaanza. Mwenye jiko alitoa kijinga cha moto, watoto walileta nyasi kavu, mzee mmoja alikuja kusema kwamba ngozi ya namna hiyo haishikwi hivyo. Ngozi ilipokaza, nusu ya kijiji walikuwa tayari wamekaa hapo, na hakuna aliyewaita kwa megafoni.

Juu ya chakula hatutasema mengi. Kijiji kikiwa na bugali na sombe tulikula, na karibu na ziwa tulipata ndagala. Lakini tulikuwa na sheria moja ambayo ilitugombanisha na wenyeji wema: kikundi hakipokei lutuku kama malipo. Mnajua sababu. Mara nyingi Mtwa aliyelima shamba la mtu siku nzima amelipwa kwa kikombe cha lutuku, na tusingeweza kuimba juu ya heshima mchana kisha jioni tuwalipe wenzetu kwa kikombe hicho hicho. Mpiga likembe mmoja hakuipenda sheria yetu. Alisema anataka makuta, na lutuku pia.

Sasa barieri. Safari za kwanza tulifika kwenye kamba, wenye silaha wakauliza kuna nini ndani ya ngoma. Tulijibu kwamba hakuna kitu. Wakasema, kama ni wanamuziki, wachezeni. Nasi tuliona ni jambo jepesi, bora kuliko kulipa. Kikundi kiliimba, wenye silaha walicheka, kamba ikashuka. Tulifanya hivyo mara nne au tano, na katika ripoti yetu tuliandika kwamba muziki unafungua njia. Kisha katika kijiji kimoja mama mwenye mzigo wa kuni alituambia mbele ya watu wote, «Jana niliwaona mkiwachezea wale wanaotunyang'anya mihogo. Leo mnatuchezea sisi. Ninyi ni wa nani?» Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile kikundi hakichezi barieri. Tunasimama, tunaonyesha karatasi za safari, tunangoja. Mara moja tulingoja kuanzia asubuhi hadi jua kuzama. Na mwenye kusumbuliwa zaidi alikuwa yule asiyekuwa na kadi ya mchaguzi, maana hiyo ndiyo imekuwa kitambulisho chetu, na kati ya Watwa watatu ni mmoja tu aliyekuwa nayo. Leo tunawasaidia wote kupata karatasi kabla ya kuondoka, wala hatuondoki mpaka zipatikane.

Tuseme pia habari ya kulala. Katika kijiji cha kwanza cha safari ya kwanza, mwenyeji wetu, mtu mwema aliyetuchinjia kuku, aliwaonyesha Wabantu chumba chenye mikeka, na Watwa akawaonyesha upenu wa jiko. Hakusema neno baya. Alifanya kama baba yake alivyofanya. Sisi tuliona. Tulitazamana, tukasema kimoyomoyo kwamba tusimwaibishe mwenyeji usiku wa kwanza, tutazungumza naye kesho kwa utaratibu. Tukaingia ndani, tukalala. Usiku wa manane tulisikia mlango. Kijana wa gita alikuwa ametoka na mkeka wake. Akafuatwa na mama mwimbaji, yule mkubwa. Asubuhi tuliwakuta watu sita chini ya upenu, wamefunikwa turubai la ngoma, na chumbani tulibaki sisi wenye shirika na wapiga ngoma wawili ambao hawakuamka.

Mwenyeji alipoona hivyo alikaa kimya, kisha mke wake akaleta bugali katika sahani moja. Moja tu. Hatujui kama alifanya makusudi au alikuwa na sahani moja safi. Wote walikula humo, mikono yote, na watu wakasimama mbali kuangalia. Siku hiyo nyimbo ziliimbwa, mafundisho yakatolewa. Miaka mitatu baadaye tulipita tena hapo. Hakuna aliyekumbuka wimbo hata mmoja. Walikumbuka sahani.

Mambo ya makuta yalikuwa magumu zaidi, na tunawaomba machefu wasikilize hapa. Mwisho wa safari ya pili tulilipa kila mtu sawa, mbele ya wote, kwa sahihi au kwa kidole gumba. Kesho yake tulikuta mpiga likembe mmoja hana hata franka ya sabuni. Bwana mmoja wa kijijini kwake, mwenye mashamba, alikuwa amekuja usiku kuchukua makuta yale, akisema, «Huyu ni Mtwa wangu. Baba yake alikuwa wa baba yangu.» Mpiga likembe hakulalamika. Alipoulizwa alisema bwana huyo ndiye aliyelipa dawa mtoto wake alipougua, sasa angemnyimaje? Sisi tulitaka kwenda mara moja kwa mwenye mashamba na kumkemea. Mama mwimbaji alituzuia. Alisema, «Mkimkemea leo, kesho ninyi mko Kalemie, na huyu yuko naye.» Ilituchukua miezi mingi, vikao na chefu, vikao na wazee, mpaka bwana yule akakubali kwamba deni la dawa lihesabiwe, lilipwe, liishe. Lilihesabiwa. Lilikuwa dogo kuliko makuta ya safari moja. Tangu 15 Julai 2022 kuna sheria ya nchi inayolinda haki za Wapigmi, watu wa asili, na ni sheria nzuri, lakini tunawaambia ukweli: katika jambo hili kilichosaidia ni chefu mmoja aliyekubali kukaa kwenye kiti na kuhesabu deni.

Tunafika sasa kwenye jambo ambalo tungependa kulipita.

Mwaka 2016 mnajua ulivyokwenda. Ugomvi uliokuwa umeanza Manono mwaka 2013 ulisambaa, kodi iliyotozwa juu ya viwavi vya kula ikaongeza moto, na kufikia mwisho wa mwaka vijiji vilikuwa vinaungua upande wa Kabalo na upande wa Nyunzu. Kikundi chetu kilikuwa njiani, siku kadhaa kutoka Kalemie, na sisi watumishi watatu tulikuwa nacho pamoja na dereva na gari la shirika. Jioni moja tulipata ujumbe kwa simu ya setilaiti: wafanyakazi warudi mara moja. Ujumbe ulisema wafanyakazi. Kwa kanuni za usalama za shirika tulilolitumikia wakati ule, gari lilikuwa na ruhusa ya kubeba wale tu walioandikwa kwenye orodha ya bima. Wanamuziki hawakuwa kwenye orodha. Walikuwa wamesaini karatasi ya watu wa kazi ya muda.

Tuliuliza tena kwa simu. Jibu halikubadilika. Tuliwaambia wenzetu kwamba gari litatufikisha na kurudi kesho kuwachukua. Tulipoondoka, viti vya nyuma vilikuwa vitupu. Katika kioo tuliwaona wamesimama pembeni ya barabara, ngoma chini, na yule mama mdogo, mwimbaji wa pili, amebeba mtoto wake mgongoni. Gari halikurudi kesho wala kesho kutwa. Barabara ilifungwa.

Walitembea siku sita. Tunasimulia kama walivyotusimulia wao. Usiku wa kwanza walilala katika nyumba tupu kandokando ya reli, wakashauriana. Wengine walisema wagawane: Watwa wapite porini, Wabantu wapite barabarani, kila mmoja kwa watu wake. Ilikuwa shauri la akili. Mama mkubwa alikataa. Alisema wakigawanyika, kila kundi litakuwa na maiti za kuulizwa. Akasema pia kwamba wasipite kimya, maana anayenyemelea ni adui na anayepiga kelele ni msafiri. Kwa hiyo walitembea juu ya reli, ngoma kubwa mbele imebebwa kwa mti na watu wawili, wa tatu anaipiga, wote wanane na mtoto.

Mahali pa kwanza vijana wa Kibantu wenye mishale na mapanga waliwasimamisha, wakataka wale watatu washushwe pembeni. Mama mkubwa aliwauliza mmoja mmoja jina la mama yake, na wawili kati yao aliwajua mama zao. Walipita, lakini mpiga ngoma mmoja alipigwa kwa rungu, vidole viwili vya mkono wa kuume vikavunjika. Mahali pa pili walikuwa Watwa wenye pinde, nao wakawataka wale watano. Hapo mzee wa likembe alikaa katikati ya reli, akaweka likembe magotini, akaanza kupiga. Hakuomba kitu. Alipiga hadi wenye pinde wakachoka kusimama, mmoja akakaa, wa pili akakaa. Mahali pa tatu hatujui walikuwa watu gani. Wao wenyewe hawajui. Hao walichukua ngoma kubwa.

Walifika Kalemie jioni, wakaja moja kwa moja kwenye ofisi yetu. Saa za kazi zilikuwa zimekwisha na mlinzi alikuwa na amri yake. Walilala nje ya ukuta. Asubuhi tulipofika kazini tuliwakuta hapo. Mama mkubwa alisimama, akajifunga kitenge vizuri, akatuuliza, «Gari lilifika salama?»

Tumelisikia swali hilo kila siku tangu wakati ule. Hakulisema kwa kejeli. Alitaka kujua kweli.

Mwanzoni mwa mwaka 2017 ulifanyika hapa Kalemie mkutano mkubwa wa amani kati ya jamii hizi mbili. Watu wa mikutano walitaka muziki, na kikundi kikaitwa. Wanne walikuja. Mpiga likembe mmoja hajapiga tena mpaka leo, analima. Mama mdogo alikataa, na mume wake akatuambia tusifike tena nyumbani kwake, na tulimwelewa. Kijana wa gita alikwenda Lubumbashi. Yule wa vidole hawezi tena kushika mdundo, lakini yuko nasi: ndiye anayeotesha ngozi moto, na hakuna anayejua kama yeye mahali pa kusimamisha ngoma ili isipasuke.

Tulijaribu tena mwaka 2018, na hapo tulikosea kwa namna nyingine. Shirika lilitaka wimbo juu ya kurudi nyumbani, kwa sababu wakati ule makambi yalikuwa yanataka kufungwa. Tuliandika maneno ofisini, mezani, sisi wenyewe, tukakipa kikundi kiyaimbe. Katika kambi moja ya hapa Kalemie, wimbo ulipofika kwenye kiitikio, mama mmoja alisimama, akainua mkono kama mtoto wa shule, akauliza, «Nyumbani gani?» Nyumba yake ilichomwa, na shamba lake lilikuwa linalimwa na jirani. Kikundi kilinyamaza. Mzee wa likembe akamwambia, «Mama, haya maneno si yetu. Tuambie yako.» Akasema. Hakuimba, alisema tu: jina la kijiji, jina la kisima, mti uliokuwa mlangoni, na jina la jirani. Wanamuziki walimfuata polepole kwa likembe chini ya sauti yake. Ilichukua saa nzima, na baada yake wengine wakataka kusema ya kwao.

Tangu hapo ofisi haiandiki tena nyimbo. Kikundi kikifika kwenye kambi, siku ya kwanza kinasikiliza. Na mama mkubwa alianza desturi ambayo haimo katika mradi wowote: anabeba daftari. Humo anaandikiwa salamu. Mtu wa hapa anasema, nendeni mwambieni mjomba wangu huko kwamba mtoto amezaliwa, kwamba mama amefariki, kwamba namsamehe mbuzi lakini shamba hapana. Kikundi kikifika kule kinasoma, na kinarudi na majibu. Majibu mengine ni machungu. Jirani wa yule mama wa kisima alijibu kwamba shamba analilima ili pori lisilichukue, na kwamba akirudi atampa nusu. Mama alisema nusu haitoshi. Mwaka uliofuata jibu lilikuwa tofauti kidogo. Mpaka leo wanajibizana, na hakuna aliyeshika mshale.

Sasa tunarudi kwenye barua zenu. Kikundi kiko tayari kuja. Leo ni watu wanane tena, ukihesabu vijana wapya, na ukihesabu vizuri ni kumi, maana kuna mama anayenyonyesha na kuna binti anayemshikia mtoto wakati wa kucheza. Safari za kwanza hatukumhesabu mtoto wala binti, wakawa wanakula sehemu ya wengine. Tafadhali, mkitayarisha chakula na mahali pa kulala, tayarisheni kwa kumi, na pawe pamoja. Chefu asiyeweza kuwalaza wote mahali pamoja atuambie sasa bila haya, tutabeba turubai kubwa na kulala wote nje.

Msiombe kikundi kiimbe jina lenu. Mmoja wenu ameandika kwamba angependa wimbo wa kusifu kazi ya chefu. Tunamheshimu, lakini wimbo huo ukiimbwa mbele ya watu mnaogombana nao mpaka, kikundi hakitapita tena kwao. Tena tuambieni habari za njia kama zilivyo, si kama mnavyotaka ziwe. Tangu MONUSCO waondoke Tanganyika mwaka 2022 hatuna tena wa kumuuliza ila ninyi. Mkisema njia ni salama na si salama, hatutaumia sisi wenye gari.

Juu ya gari, jambo hili tulilipigania miaka miwili na tumelipata kwa maandishi: wanamuziki wote wanaandikwa kwenye orodha ya bima, na gari haliondoki Kalemie kama haliwezi kurudisha wote kwa mara moja. Viti havitoshi kwa kumi na ngoma na sisi. Kwa hiyo mtumishi wa shirika anakwenda mmoja tu, wengine tunabaki. Wafadhili waliuliza nani sasa atasimamia kazi. Tuliwajibu kwamba mama mkubwa anasimamia, na ripoti ataisimulia akirudi, sisi tutaandika.

Ngoma mpya ilichongwa mwaka 2019. Sauti yake ni nyembamba kuliko ile ya kwanza, wazee wanasema mti ulikatwa mapema. Ile ya kwanza tulisikia mara moja kwamba ilionekana kanisani katika kijiji fulani, ikipigwa siku za Jumapili. Kikundi kiliulizwa kama kinataka tuifuate. Waliongea wenyewe kwa wenyewe, wakasema iachwe ipigwe.

Safari inaanza Jumatatu kama mvua itaruhusu, kwa njia ya Niemba. Mwenye salamu za kupeleka upande wa Nyunzu amwone mama mkubwa leo, pale chini ya mwembe, kabla jua halijazama. Daftari analo. Na ninyi mliotoka upande wa Uvira, kikundi hakifiki huko, lakini mama anasema mwandike pia, ataziweka kurasa zenu peke yake mpaka njia ipatikane.